Niliiga Ukali wa Ferguson, Nikapoteza Winga

Ndoo ya maji haikunikosea kitu. Ilikuwa mapumziko, vijana wangu wa chini ya miaka 17 wako nyuma 2-0, nami nikaingia chumbani nikaipiga teke. Kisha nikamgeukia winga wangu wa kulia, aliyekuwa amepoteza mpira kabla ya bao la pili, nikammwagia yote niliyokuwa nayo mbele ya wenzake. Nilijiona Alex Ferguson mwenyewe, yule kocha wa zamani wa Manchester United. Nilikuwa nimesoma na kutazama kila kitu kuhusu mzee yule, na nilichoondoka nacho ni ule ukali ambao Waingereza waliuita mashine ya kukaushia nywele, kwa jinsi alivyokuwa akipuliza uso wa mchezaji kwa karibu.

Yule kijana alimaliza mechi na hakurudi mazoezini. Wiki mbili baadaye mwenzake akaniambia kwamba mama yake alikuwa amelazwa, na yeye ndiye aliyekuwa akikesha naye. Kumbe ndiyo maana alikuwa akichelewa. Mimi kwa kuchelewa huko nilikuwa nikimzungusha uwanja mbio.

Baada ya hapo nilirudi kumsoma Ferguson upya, safari hii nikiwa na aibu. Nikakutana na kisa ambacho Cristiano Ronaldo mwenyewe amekisimulia mara kadhaa: baba yake alipokuwa mahututi mwaka 2005, alikwenda kuomba ruhusa, na kocha akamwambia aende akae siku anazohitaji, mpira utasubiri. Ni kocha yuleyule ambaye Februari 2003, baada ya kufungwa na Arsenal kwenye Kombe la FA, alipiga teke kiatu kikampasua David Beckham juu ya jicho. Sisi tunaokaa pembeni mwa uwanja tumekishika kile kiatu na kuisahau ile ruhusa.

Swali linalorudi kila msimu timu kubwa inapoyumba ni kama mbinu za Ferguson zingefaa leo. Wengi hujibu haraka kwamba hapana, wachezaji wa siku hizi wana pesa, wana mawakala, na wana simu inayoweza kukitoa chumba cha kubadilishia nguo hadharani kabla kocha hajafika nyumbani. Kwa upande wa kelele nakubaliana nao. Ila kelele hazikuwa mbinu. Ukimgombeza mtu unayemjua anaweza kukusikia. Ukimgombeza usiyemjua, umemtukana tu.

Mbinu yenyewe, kwa ninavyoona, ilikuwa kutazama. Alipokuwa Aberdeen, klabu ya Uskoti, msaidizi wake alimsukuma aache kuendesha kila zoezi mwenyewe, asimame pembeni. Hakupenda mwanzoni, akakubali, na baadaye alieleza kwamba huko pembeni ndiko alikoanza kuona mengi: mchezaji aliyepungua kasi, aliyebadilika tabia, mwenye jambo la nyumbani. Manchester United mazoezi yaliendeshwa na akina Brian Kidd, Steve McClaren na Carlos Queiroz. Hilo halijazeeka hata siku moja. Tena leo lina faida zaidi, maana benchi la ufundi limejaa watu wa takwimu na wa viungo, na lazima awepo mmoja anayemtazama mtu mwenyewe badala ya namba zake.

Nami nilijaribu. Nikampa msaidizi wangu filimbi, nikasimama kwenye kona. Siku ya kwanza nilijiona sina kazi. Siku ya tatu nikagundua kwamba kipa wangu hapigi mpira kwa mguu wa kushoto kabisa, na nilikuwa naye mwaka mzima! Kama wewe ni kocha wa timu ndogo na huna msaidizi, mwombe hata mchezaji mkubwa aongoze nusu saa. Kubali mazoezi yaharibike kidogo.

Kisichoweza kurudi ni muda na mamlaka. Aliingia Old Trafford, nyumbani kwa Manchester United, Novemba 1986, akachukua kombe la kwanza 1990 na ubingwa wa ligi 1993. Msimu wa 1989/90 alipigwa 5-1 na Manchester City na kumaliza nafasi ya 13. Leo hii nani angefika Krismasi? Mtu ataniambia kuhusu Mikel Arteta, aliyemaliza wa 8 mara mbili Arsenal na akaachwa aendelee na kazi, na ni kweli, lakini huyo tunamtaja kwa sababu ni nadra. Na usajili siku hizi uko mikononi mwa mkurugenzi wa michezo. Ferguson aliweza kuwaachia Ince, Hughes na Kanchelskis waondoke majira ya joto ya 1995, akawapa watoto nafasi, akapigwa 3-1 na Aston Villa mechi ya kwanza, na bado akamaliza msimu wa 1996 na makombe mawili. Uamuzi wa namna hiyo leo ungepitia vikao vingapi?

Kwa mbinu za uwanjani pia tusimpambe. Barcelona walimfundisha somo fainali mbili za Ligi ya Mabingwa Ulaya, 2009 na 2011. Lakini yule aliyekuja 1986 siye aliyeondoka 2013. Timu yake iliyotwaa Ulaya 2008 ilikuwa na Rooney, Tevez na Ronaldo wakibadilishana nafasi bila namba 9, yaani mshambuliaji wa kati, wa kudumu. Mtu wa hivyo angezoea kubadilisha wachezaji 5 kwenye mechi, na VAR, ile video ya kumsaidia mwamuzi, angeizoea huku akiilaani.

Kwa kocha anayesoma hapa, kitu cha kuiga kesho asubuhi ni mazoezi ya dakika za mwisho. Watu huona mabao ya Sheringham na Solskjær dhidi ya Bayern dakika za mwisho za fainali ya Ulaya mwaka 1999 kama bahati, ilhali timu ile ilikuwa ikiandaliwa kucheza ikiwa nyuma huku muda unayoyoma. Mimi sasa kila wiki natenga dakika 15: timu moja inaanza ikiwa nyuma bao 1, wanaamua wenyewe nani apande, nani abaki. Mara nyingi wanafungwa la pili. Sisemi kitu, naandika tu aliyekimbia kurudi na aliyeshika kiuno.

Yule winga nilikwenda kwao kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, mama alishapona, lakini alikuwa ameshasaini timu nyingine. Tulipokutana nao alimchachafya beki wangu wa kushoto dakika zote 90.