Fedha ziende kule mtoto alikotoka

Swali la wiki hii linauliza: "Tuwasaidieje watoto wa mtaani waachane na mtaa na waje kujitegemea?" Najibu kwa Tanzania, hasa Mwanza, jiji linalopokea watoto kutoka Shinyanga, Simiyu, Geita na Mara. Sehemu kubwa ya fedha na nguvu ielekezwe kwenye nyumba aliyoikimbia mtoto, na kwenye mwaka wa kwanza baada ya kurudi. Mipango mingi hufanya kinyume: hujenga bweni na kununua magodoro, halafu nauli ya kumfuatilia mtoto kijijini inakosekana.

Tuanzie stendi. Mtoto aliyeshuka basi jana Nyegezi au Buzuruga ni rahisi kumrudisha kuliko aliyekaa mwezi. Siku chache tu zinatosha apate maskani, wakubwa wa kumlinda na kumnyanyasa, jina jipya, na kazi ya kuokota makopo au vyuma chakavu. Kwa hiyo watu wa kushirikiana nao kwanza ni wale wanaomwona akishuka: makondakta, wapiga debe, mama lishe, walinzi wa usiku. Wawe na namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, ambayo kupiga ni bure, na namba ya afisa ustawi wa jamii wa eneo lao. Msichana hana hata hizo siku chache. Mara nyingi usiku uleule wa kwanza kuna mtu amekwisha kumwahidi kazi za ndani au kazi ya baa. Anayesema wasichana wa mtaani ni wachache ametazama barabarani tu, hajatazama kwenye baa na gesti.

Gundi inahitaji uangalifu wa pekee. Gundi ya viatu huwa na kemikali, mara nyingi tolueni, inayopunguza njaa, baridi na woga. Ndiyo maana mtoto anaivuta, na ndiyo maana kumhubiria hakusaidii kitu kabla hajapata chakula na pa kulala. Usimkimbize wala kumshtua mtoto aliyetoka kuvuta. Mvuke ule huvuruga mapigo ya moyo, na mbio au mshtuko wa ghafla unaweza kuusimamisha moyo papo hapo. Misako ya usiku yenye virungu inaweza kuua kwa njia hii bila mtu kumgusa mtoto. Akiacha, tegemea siku kadhaa hadi wiki chache za kuumwa kichwa, kukosa usingizi na hasira. Mpe maji, uji, michezo ya kumchosha, na mtu mmoja yuleyule wa kukaa naye. Masomo ya darasani yasubiri. Wiki hizo hatashika kitu, na atajiona mjinga bure. Akieleza kwamba amebakwa au amelawitiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kukinga VVU lazima zianze ndani ya saa 72, kisha humezwa kwa siku 28.

Kituo cha kulala kiwe cha mpito. Kwa maoni yangu miezi mitatu ndiyo mwisho. Kituoni kuna milo mitatu, kitanda na televisheni. Kwao pengine wanakula mara moja. Kila mwezi unaopita unamfanya mgeni zaidi kwao, na ndugu nao wanaanza kumwona ni mtoto wa wafadhili.

Siku za mwanzo atadanganya jina na kijiji. Anajilinda, usimbane. Uliza mambo yasiyomtisha: mnada wa kwenu ni siku gani? Mkienda mnadani mnatembea tangu saa ngapi mpaka saa ngapi? Mto mnaochota maji unaitwaje? Mwalimu mkuu mnamwitaje? Bibi anaongea lugha gani? Siku ya mnada, jina la mto na jina la mwalimu, vikiwekwa pamoja, mara nyingi humtosha mtendaji wa kata kukitambua kijiji.

Kisha nenda bila mtoto. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu ni nauli mara mbili, na kurukwa kwake ndiko kunakowarudisha watoto stendi. Zungumza na mama peke yake, baba peke yake, halafu bibi, mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji. Tazama watoto waliobaki: wanalala wapi, wana makovu, wanakwenda shule? Kama aliyemfanya mtoto akimbie bado yupo na hakuna kilichobadilika, usimrudishe hapo. Tafuta shangazi, mjomba au bibi wa upande wa pili. Akikosekana ndugu kabisa, ustawi wa jamii wana utaratibu wa walezi wa kuaminika chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na familia ya namna hiyo ni bora kuliko bweni la watoto sitini.

Siku ya kumrudisha, msaada uwe wa nyumba nzima. Ukimvalisha viatu vipya mtoto aliyetoroka huku wadogo zake waliotulia nyumbani wako peku, umewafundisha njia ya kwenda Mwanza. Nunua sare za wote wanaosoma, daftari, na kitu cha kuongeza chakula: mbegu, jembe, kuku watano. Ada imefutwa shule za msingi na sekondari za umma, lakini sare na michango ya chakula bado inamsukuma mtoto nje. Mwenye miaka 11 au zaidi aliyekosa shule aulizie MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Ukimkalisha darasa la kwanza na watoto wa miaka saba, atatoroka kwa aibu.

Ufuatiliaji: simu wiki ya kwanza, ziara wiki ya pili, kisha mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Ongeza ziara mbili za msimu, Januari shule zinapofunguliwa na miezi ya njaa kabla ya mavuno. Akitoroka tena, mpokee bila adhabu na uulize ni nini kilichobadilika nyumbani.

Wenye miaka 15 na zaidi wengi hawatarudi kwao, na kuwalazimisha ni kupoteza muda. Hao waunganishwe kwa vikundi vya watu watano hadi kumi, wanaoaminiana tayari maskani, wakutane kila wiki na kuweka akiba hata ya shilingi mia tano. Mfundishe kijana kwa fundi wa mtaani: pikipiki, useremala, ushonaji, kinyozi. Kazi hatarishi, kama migodini au kuvua dagaa usiku ziwani, sheria inazikataza kabla ya miaka 18. Fundi alipwe kwa awamu tatu: kijana anapoanza, katikati, na siku anapotengeneza kitu kizima peke yake mbele ya mteja. Akilipwa yote mwanzoni, kijana atafagia na kutumwa maji mwaka mzima. Vifaa navyo vitolewe kidogokidogo, vikiwa na alama ya kikundi, maana seti kamili huuzwa wiki ya kwanza ya njaa.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kianze kushughulikiwa mapema, akiwa na miaka 15, kwa kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya mtendaji. Akifika 18 bila cheti, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, itamsumbua. Bila NIDA hasajili laini ya simu, na akiba yake itakaa kwenye simu ya mtu mwingine. Wengi wameibiwa hivyo. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana, usubiri mpaka kikundi kiwe na mwaka mzima wa akiba.

Mwisho ni chumba. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita mbele, na kijana hana. Wawili wachangie chumba kimoja, mradi wenu wa msaada ulipe miezi mitatu na wao mitatu kutoka akiba yao, mkataba uandikwe kwa majina yao. Watembelee mwishoni mwa mwezi wa tano wa kodi, kabla mwenye nyumba hajaja kudai miezi sita mingine. Kama fedha haijatimia, bado zimebaki wiki nne za kwenda nao kuomba kulipa mwezi kwa mwezi.