Kwa asistanti mpya wa tiba hapa Bukavu: buni kipimo kabla ya kubuni somo

Wadogo zangu mnaoanza uasistanti, yaani ualimu msaidizi, katika vitivo vya tiba vya mji wetu, karibuni sana. Ninawaandikia kwa sababu kila mwaka wa masomo naona kijana mwenye ari akiingia oditwarini na wazo zuri: video, maigizo, maswali kwa simu, manekeni ya mazoezi. Mwaka ukiisha, doyeni, mkuu wa kitivo, akiuliza kama mbinu hiyo imesaidia, jibu linakuwa: wanafunzi wameipenda. Kupenda ni jambo jema. Lakini mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hapati nafuu yoyote kwa kuwa stajieri, mwanafunzi wa mazoezi hopitalini, aliye mbele yake alifurahia somo.

Ombi langu kwenu ni moja. Kabla hujaamua utafundishaje, amua mwanafunzi ataweza kufanya nini mbele ya macho yako ambacho leo hakiwezi, na utakitambuaje ukikiona. Liandike kwenye karatasi, mpe mwenzako alisome. Ikiwa nyinyi wawili mkimtazama mwanafunzi yuleyule hamtakubaliana kama ameweza au hajaweza, basi lengo bado halijawa lengo.

Tuchukue mtoto anayezaliwa asipumue. Mpango wa Helping Babies Breathe, uliozinduliwa mwaka 2010, unamtaka mhudumu amkaushe mtoto, amchangamshe, na ikiwa bado hapumui aanze kumpa hewa kwa ambu (mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono) na maski kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hayo ni matendo yanayoonekana na kupimika kwa saa: ameanza sekunde ya ngapi, maski imeziba vizuri mdomo na pua, kifua kinapanda au hakipandi. Ukishaandika hivyo, somo linaanza kujipanga lenyewe. Utaona palepale kwamba saa mbili za kusomewa silabusi, yaani maandishi ya somo, hazitamfikisha mwanafunzi huko, na kwamba unahitaji manekeni, ambu, vikundi vidogo, na mama mkunga mzoefu wa kusimama pembeni. Ndiyo, mkunga. Katika vyumba vyetu vya kujifungulia mara nyingi wao ndio wanaomshika mtoto kwanza, na asistanti anayewaacha nje ya somo anajinyima walimu walio karibu naye kabisa.

Mwaka 1990 daktari Mmarekani George Miller alipanga uwezo wa mganga katika ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha akifanya, anafanya kweli kazini. Angalieni mitihani yetu. Swali la "taja hatua za kumfufua mtoto mchanga" linaishia kwenye ngazi mbili za chini, hata likisahihishwa kwa uadilifu wote. Ukifundisha kwa manekeni kisha ukapima kwa swali la kuandika, wanafunzi watakuelewa haraka: watarudi kwenye silabusi, kwa sababu huko ndiko pointi ziliko. Hapo mbinu mpya nyingi hufia, na lawama humwangukia mwanafunzi.

Kwa ngazi ya tatu tunayo ECOS, mtihani wa vitendo wa kupita vituo, ambayo Ronald Harden na wenzake waliieleza mwaka 1975 wakiwa Dundee, Scotland. Mwanafunzi anapita kituo baada ya kituo. Kila kituo kina kazi moja, muda uleule na orodha ileile ya kupimia kwa wote. Wengi huogopa gharama, lakini vituo vichache katika madarasa ya kawaida, kengele ya mkono na watu wazima waliokubali kuigiza wagonjwa vinatosha kuanzia. Angalizo langu ni hili: usimwangushe mtu kwa vituo vichache hivyo. Matokeo ya mwanafunzi mmoja hubadilika sana kutoka kituo kimoja hadi kingine, ndiyo maana vituo vingi vifupi vinaaminika zaidi ya vichache virefu. Mwanzoni vitumie kumwonyesha mwanafunzi alipo, si kumhukumu.

Na kuna jambo ninalolipigania katika kila mkutano wa idara: mgonjwa wa kuigiza aseme Kiswahili cha hapa, na Mashi, lugha ya Washi, inapowezekana. Mwanafunzi wetu anasoma kumhoji mgonjwa kwa Kifaransa miaka mingi, halafu anamkuta mama wa Bagira anayemwambia, "Docta, tumbo inanikata tangu juzi, na mwili yote inawaka." Sasa aulize maumivu yanaanzia wapi, yanaelekea wapi, nini kinayazidisha, bila kumwaibisha na bila kumkatiza. Nimewaona wanafunzi wenye pointi za juu kabisa wakiuliza maswali machache kisha wakanyamaza. Mtihani wa kuandika usingewafichua kamwe, na wao wenyewe wanashukuru kugundua hilo darasani kabla ya kugundulia kwenye wodi ya Hopitali ya Jimbo au Panzi.

Tatizo letu kubwa ni wingi wa wanafunzi. Mtasoma kuhusu ufundishaji unaoanzia kwenye tatizo la mgonjwa, ulioanza Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969. Ni mbinu nzuri. Lakini darasa lile la kwanza lilikuwa na wanafunzi 20, vikundi vidogo, na mwalimu wa kukaa na kila kikundi. Wewe unaingia kwenye oditwari iliyojaa hadi ngazini, na uko peke yako. Ukiinakili mbinu hiyo kama ilivyo, utapata vikundi visivyo na mwalimu, ambamo wawili wanazungumza na wengine wanasubiri.

Ndiyo maana ninawashauri muitazame kwanza kazi ya Larry Michaelsen. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, darasa lake la usimamizi wa biashara lilipanda kutoka wanafunzi 40 hadi 120, naye hakutaka kurudi kwenye kuhubiri tu mbele yao. Akapanga hivi: wanafunzi wanasoma nyumbani, wakifika, kila mmoja anafanya jaribio fupi peke yake, kisha kikundi kinafanya jaribio lilelile kwa pamoja na kujua majibu yake palepale. Kikundi kinachoona jibu lake lilistahili kukubaliwa kinakata rufaa kwa maandishi, kikionyesha ushahidi kutoka kwenye somo. Mwalimu anafafanua pale tu palipobaki pagumu. Baada ya hapo vikundi vyote vinapewa tatizo moja, vinachagua uamuzi mmoja, na vinauonyesha kwa wakati mmoja.

Hiyo hatua ya mwisho inatufaa mno. Mpe kila mtu mgonjwa mmoja: mtoto wa miaka mitatu, homa, degedege, kituo cha afya kiko mbali na hopitali. Utafanya nini kwanza? Vikundi vinainua kadi za A, B, C au D zilizokatwa kwenye makatoni. Umeme wa SNEL ukikatika, somo linaendelea. Wale wa B wanataka kujua kwa nini jirani zao wameinua D, na mabishano yanayofuata yana tiba nyingi ndani yake kuliko slaidi zangu zote za mwaka. Mwalimu mmoja anaweza kuiendesha. Masharti ni mawili: vikundi visibadilishwe kila wiki, na swali lisiwe la kujibiwa kwa kufungua ukurasa.

Kuhusu video za kutazama nyumbani, kumbukeni bei ya bando. Kurasa chache zilizochapwa, au sauti fupi inayotumwa kwa simu, itawafikia wengi zaidi. Na kwa mazoezi ya kushona, mguu wa nguruwe kutoka kwa wachinjaji, sindano na uzi vinatosha, msisubiri wafadhili.

Sasa, kuipima mbinu yenyewe. Mtakutana na ngazi nne za Donald Kirkpatrick, za mwaka 1959: watu wameipokeaje, wamejifunza nini, wanafanya tofauti gani kazini, na kazi imenufaika vipi. Karatasi ya maoni mwisho wa somo ni ngazi ya kwanza tu. Itumieni kurekebisha muda na vifaa, msiilete kama ushahidi kwamba mtu amejifunza.

Halafu, pimeni kwa kuchelewa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma maandishi mara nne na wengine walioyasoma mara moja kisha wakajipima mara tatu kwa kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka takribani asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Fikirini: aliyepima siku ileile angeitupa mbinu bora na kubaki na dhaifu. Kwa hiyo wekeni kipimo cha pili wiki au miezi kadhaa mbele, na kiandikeni kwenye kalenda ya idara tangu mwanzo, maana mitihani ikianza hakuna atakayewapa nafasi.

Katika kulinganisha, zamu za staji zinavutia: kikundi cha zamu ya kwanza kwa njia ya zamani, cha zamu ya mwisho kwa njia mpya. Jihadharini. Stajieri wa zamu ya mwisho ameshapita upasuaji, watoto na magonjwa ya ndani. Atafanya vizuri hata usipomfundisha kitu. Afadhali kuwagawa kwa bahati nasibu ndani ya zamu ileile, na kikundi kilichosubiri kikapewa mbinu mpya baadaye, ili asiwepo aliyenyimwa. Saa za kufundishwa pia ziwe sawa, la sivyo utakuwa umepima wingi wa saa. Wapimaji wawe wawili, kila mmoja aandike pointi zake kabla ya kuongea na mwenzake, na ikiwezekana wasijue nani alifundishwa vipi. Na mkijua kwamba wanafunzi wetu wanagawana kila kitu kwa simu jioni ileile, andikeni hilo kwenye ripoti badala ya kujifanya halipo.

Kabla ya yote hayo nendeni kamati ya maadili. Wewe ndiye unayetoa pointi, kwa hiyo "ndiyo" ya mwanafunzi kwako si huru. Mtu mwingine asiye na kalamu ya pointi aombe ridhaa, na anayekataa afundishwe vilevile kama wengine.

Msitumie nguvu zenu kuuliza tena kama kumshirikisha mwanafunzi ni bora kuliko kumhubiria. Uchambuzi wa Freeman na wenzake wa mwaka 2014 ulikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, na waliofundishwa kwa mihadhara ya kawaida walikuwa na uwezekano wa kuanguka mara 1.5 zaidi. Maswali yetu ni mengine. Kikundi cha watu wangapi bado kinafanya kazi oditwarini kwetu? Zoezi la ambu lirudiwe baada ya muda gani kabla mkono haujasahau? Je, mkunga anayefundisha anafikisha wanafunzi mahali palepale kama daktari? Hayo hakuna atakayetujibia kutoka Kanada.

Usipoona tofauti kati ya vikundi, andika hivyohivyo, pamoja na saa ulizotumia, pesa zilizotoka, orodha ya hatua uliyopimia na mahali wapimaji wako wawili walipotofautiana. Mwachie mkuu wa idara nakala. Asistanti atakayepokea somo hilo baada yako ataanza nayo mwezi wa kumi.