Jibu: Anna Magnani alianzia wapi?

Ndugu, umeuliza kama Anna Magnani, mwigizaji wa Italia, alianzia jukwaani au kwenye filamu. Alianzia jukwaani. Alizaliwa Roma mwaka 1908, akalelewa na bibi mzaa mama, akaimba kwenye vilabu vya usiku, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akachekesha watu jukwaani pamoja na mchekeshaji Totò.

Filamu iliyompa jina ni Roma città aperta ya 1945. Tafuta pale anapolikimbilia lori lililombeba mchumba wake: mkono juu, anaita "Francesco!", risasi inalia, anaanguka barabarani. Mimi hapo machozi hunitoka kila mara.

Mwandishi wa tamthilia wa Marekani, Tennessee Williams, alimwandikia tamthilia ya The Rose Tattoo. Jukwaani Marekani aliikataa, Kiingereza hakijamkaa. Kwenye filamu akakubali, na mwaka 1956 ikampa Oscar. Alifariki 1973, Roma hiyohiyo.