Lodiseli hupima kubanwa pia, si kuvutwa tu

Umeuliza kama lodiseli moja, yaani kihisi cha kupimia kani, inatosha kupima kuvutwa na kubanwa kwenye daraja lako la mfano la vijiti. Ndiyo, inakutosha. Kani ikigeuka upande, namba inakuwa hasi, na chipu ya HX711, inayogeuza ishara ya lodiseli kuwa namba, husoma hasi bila shida. Lodiseli yenyewe mara nyingi ni kipande cha alumini kinachopinda kidogo mno. Vihisi vinne vilivyobandikwa juu yake hubadilisha ukinzani wa umeme kila kinapopinda.

Ila ile ya mizani ya jikoni, yenye umbo la mche wa sabuni, tafadhali usiichomeke katikati ya kiungo cha daraja, yaani kijiti kimojawapo. Ncha moja lazima ifungwe imara kwa skrubu na nyingine iachwe ikielea, la sivyo haipindi inavyotakiwa. Wanafunzi wangu walipoteza wiki nzima kwa kosa hilo. Iweke chini ya tegemeo upime mzigo unaofika pale. Ukitaka kani ya ndani ya kiungo chenyewe, tafuta ya umbo la herufi S.

Kuisawazisha ili isome uzito sahihi, tumia lita moja ya maji, yaani kilo moja, ukishatoa uzito wa chupa. Hapa Nairobi kilo hiyo ni nyutoni 9.78 hivi, si 9.81 ya vitabuni, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na juu kutoka usawa wa bahari. Washa saketi dakika kumi kabla ya kupima, maana ikiendelea kupata joto namba huhama.