Re: has been to na has gone to, si zote ni "ameenda"?

Mkuu swali lako zuri sana, na hapo umesema zote mbili ukizitafsiri unapata "ameenda Paris", ni kweli, ila ndo hapo watu wengi tunapopotea maana Kiswahili chetu hapo kinatumia neno moja. Ukisema She has gone to Paris maana yake kaenda na hajarudi, yuko huko au bado yuko njiani, hapa humpati. Ila She has been to Paris ni alishafika Paris akarudi zake, yaani "amewahi kwenda". Kwa hiyo mtu akikuuliza bosi yuko wapi ukajibu He has been to the bank, unamwambia bosi alienda benki na kashatoka huko, wakati wewe ulitaka kusema bado yuko benki.

Ndo maana pia I have gone to Paris inasikika vibaya ukiwa umekaa hapa unaongea na mtu uso kwa uso, we umeenda vipi na uko hapa?

Kuna na been in, hii usiichanganye kabisa, She has been in Paris for 2 years ni ana miaka miwili huko na bado yupo.

Halafu ukitaja mwaka alioenda achana na has zote, sema tu She went to Paris in 2015, hili nalisisitiza kwa sababu hata waliosoma sana wanalikosea.