Nimwambie baba mdogo kwamba Yesu alikufa kwa ajili yake?

SWALI: Bwana asifiwe mwalimu. Mi ni msomaji wenu wa Iringa, nasali KKKT. Baba yangu mdogo anaumwa figo, anasafishwa damu kila wiki, kanisani haendi, alibatizwa tu utotoni basi. Huwa tunaenda kumuona na wenzangu wa jumuiya. Mwezi uliopita nilitaka kumwambia "baba, Yesu alikufa kwa ajili yako" maneno yakaishia kooni, kwa sababu kuna mwalimu alikuja kutufundisha akasema usimwambie hivyo mtu ambaye hujui kama ni mteule, yaani aliyechaguliwa na Mungu aokoke, eti Yesu alikufa kwa ajili ya kondoo wake tu, angekuwa amekufa kwa wote basi wote wangeokoka. Nimesoma Yohana 10 nikakuta kweli imeandikwa kondoo. Toka hapo sina amani. Nimwambie nini huyu mzee?

JIBU: Amina dada, na pole sana kwa kuuguza. Sitaki usubiri mpaka mwisho wa ukurasa: mwambie. Mwambie hivyo hivyo ulivyotaka kusema, hutakuwa umemdanganya hata kidogo.

Sasa kwa nini. Huyo mwalimu hakutunga kitu, fundisho hilo ni la zamani. Kule Uholanzi waliolipinga, wafuasi wa mwanateolojia Jacobus Arminius, yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki 1609, waliandika pointi tano mwaka 1610, na ya pili inasema Kristo alikufa kwa ajili ya kila mtu ila msamaha wanaufaidi wanaoamini tu. Likazuka zogo kubwa mpaka likaitishwa baraza la kanisa mjini Dordrecht, Novemba 1618 hadi Mei 1619, wafuasi wa Arminius wakatolewa nje Januari, na baraza likaamua kwamba kifo cha Yesu thamani yake haina mwisho, kinatosha kabisa dhambi za ulimwengu mzima, lakini nia ya Mungu ilikuwa kiwakomboe kwa hakika wateule. Umeona? Hata wao hawakusema damu haitoshi, na waliandika kabisa kwamba injili ihubiriwe kwa watu wote bila kuchagua. Tena mle mle barazani kulikuwa na John Davenant kutoka Uingereza aliyetetea kwamba kuna maana ambayo Kristo alikufa kwa ajili ya wanadamu wote. Kwa hiyo kukufunga wewe mdomo mbele ya mgonjwa, hilo hata Dordrecht haikuagiza.

Hoja yenye nguvu ya wanaosema alikufa kwa wateule tu ni ya deni, na mi siidharau. John Owen, mwanateolojia wa Uingereza karne hiyo hiyo ya 17 aliuliza hivi: kama Yesu alilipia dhambi zote za watu wote, mbona wengine wanahukumiwa? Ukijibu ni kwa sababu hawakuamini, anakuuliza tena, kutoamini si dhambi? Kama ni dhambi ililipiwa au haikulipiwa? Ukiisikia mara ya kwanza inakunyima usingizi kweli. Ila soma Waefeso 2:3, Paulo anaandikia waamini, wateule kabisa, anasema na sisi tulikuwa watoto wa hasira kama hao wengine. Sasa kama deni lilifutika lenyewe pale msalabani, hasira juu ya mteule ambaye bado hajaamini ilitoka wapi? Maana yake hata kwa mteule kulipiwa ni jambo moja na kupokea ni jingine.

Na hili ni la tangu Agano la Kale. Siku ya Upatanisho, Walawi 16, mbuzi anachinjwa kwa ajili ya kusanyiko lote la Israeli, hakuna familia iliyorukwa, halafu nenda Walawi 23:29 ukute mtu ambaye siku hiyo hakujinyenyekeza anakatiliwa mbali na watu wake. Mbuzi alichinjwa kwa ajili yake, na bado akakatiliwa mbali. Hapo ndipo mi nilipopata utulivu miaka mingi iliyopita.

Yohana 10 ni kweli dada, alikufa kwa ajili ya kondoo, ila hakuna neno "tu" pale. Paulo naye kwa Wagalatia 2:20 anasema alijitoa kwa ajili yangu, na hatusemi alikufa kwa ajili ya Paulo peke yake. Upande wa pili 1 Yohana 2:2 inasema "wala si kwa dhambi zetu tu, bali na kwa dhambi za ulimwengu wote". Ndugu zetu wa upande wa huyo mwalimu wanasema ulimwengu hapo ni wateule wa mataifa yote, lakini kwenye barua hiyo hiyo 5:19 ulimwengu ndio unaokaa ndani ya yule mwovu, sasa hao si wateule.

Usije ukaogopa kwamba ukisema hivi umefundisha wote wataokoka hata wasipoamini, hapana, 1 Timotheo 4:10 inamwita Mungu Mwokozi wa watu wote, hasa wa waaminio, na hilo "hasa" lina uzito wake. Ila angalia 1 Wakorintho 15:3, Paulo anawakumbusha alichowapa Wakorintho hapo mwanzo, yaani wakati hata hawajaamini: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu. Hakusubiri kwanza ajue nani mteule.

Ukienda kwa baba mdogo mtafute muda akiwa na nguvu, siku ya kusafishwa damu mtu anarudi amechoka sana. Msomee Hesabu 21 ile ya nyoka wa shaba, ni fupi, aliwekwa juu ya mti na kila aliyeumwa na nyoka aliruhusiwa kumtazama, kisha Yohana 3:14 hadi 16. Mwambie neno lako. Akiuliza swali usilolijua niandikie.