Injini ya petroli ya 22R imekufa: nifunge injini ya 3L ya dizeli au nirudishie petroli?

Mkuu, Hilux yako ya 1993 iliyoua 22R ni pacha wa yangu. Mimi niko Dodoma mjini, nilifunga 3L na bado natembea nayo.

Anza na mzigo. Mimi natoa alizeti Kolo, kule Kondoa, kuleta mjini, gari imejaa mpaka juu ya bodi. Dizeli inavuta tangu chini, vilima vya kule napanda bila kuhangaika na gia. Kama yako ni ya kwenda shamba Jumamosi na kurudi, tafuta 22R nyingine ya mtumba uitie. Inakaa palepale, giaboksi ileile, na hela inabaki mfukoni.

Watu wanapiga hesabu ya injini tu. Mimi nilimalizwa na vya pembeni. Nyumba ya klachi ya 22R haikubali 3L, nikanunua giaboksi. Nikaosha tanki, nikaweka chujio la dizeli la kukamata maji, nikabadilisha betri, maana 3L inabana hewa zaidi ya mara 20 wakati petroli ile ni kama 9, stata inahitaji nguvu. Pua ya gari nayo ikalala kwa uzito.

Lakini kilichonitisha ni breki. Injini ilikuja bila alteneta, ile ya kuchaji betri, fundi akanifungia ya petroli aliyokuwa nayo. Natoka gereji, nakanyaga mara ya kwanza laini, ya pili ngumu, ya tatu kama nakanyaga tofali! Bahati nilikuwa bado mtaani, mwendo wa punda. Kumbe petroli inavuta hewa ya kusaidia breki kwenye manifoldi yake, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, dizeli hii haina uvutaji huo, ndiyo maana alteneta ya 3L ina pampu yake ya kuvuta hewa mgongoni. Fundi alijua kuwasha gari, hakujua kuisimamisha.

Kabla hujalipa 3L, iwashe, fungua kifuniko cha oili: moshi ukipuliza kwa nguvu, achana nayo. Mkanda wa taimingi weka mpya kabla haijaingia kwenye gari. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Risiti itunze, namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye kadi pale TRA.

Ukiipata, tupia picha ya mgongo wa alteneta kabla hujatoa hela.